Abiria Tisa wa Nora Sugden

Boila la kwanza la Nora Sugden lilivuja mahali kumi na moja. Alizihesabu nukta za maji mwenyewe, amepiga magoti kwenye sakafu ya banda la chama cha magarimoshi madogo, huku Mzee Bernard Hoyle, mkaguzi, akiendelea kubonyeza pampu ya mkono taratibu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

“Kumi na moja,” Nora akasema.

“Kumi na mbili. Tazama huko nyuma, chini ya mlango wa tanuri.”

Akatazama. Kweli, chozi la kumi na mbili lilikuwa linajikusanya.

Boila lenyewe halikuzidi ukubwa wa ndoo mbili zilizolazwa kitako kwa kitako, lakini lilikuwa limemlia Jumamosi za miezi kumi na minne. Alikuwa amekata bamba la shaba nyekundu, akalipinda, akalitoboa matundu ya mabomba ishirini na mawili, akalehemu kila mshono kwa moto wa gesi mpaka nyusi zake zikaungua. Na sheria ya chama haikuwa na njia ya panya: boila hujazwa maji baridi, hushindiliwa kwa pampu mpaka mara mbili ya nguvu litakayofanyia kazi, na likitoa tone moja halitiwi moto.

La pili lilitoa tone moja. Moja tu, tena baada ya dakika kumi na nane.

“Ni tone, Mzee Bernard. Hata mimi pua yangu hutoa zaidi ya hapo.”

“Pua yako haiwashwi moto, Nora.”

Hakusema naye juma zima. Akalipasua boila kwa msumeno, akautazama mshono kwa ndani, akaona pale alipokosea: alikuwa ameuondoa moto mapema kwa kuogopa kuyeyusha shaba. Akanunua bamba jingine. La tatu likakaa nusu saa nzima chini ya pampu, kavu kama jiwe la Agosti. Mzee Bernard akalizunguka huku na huku na tochi yake, akatoa kalamu, akatia sahihi.

“Haya,” akasema. “Sasa endelea na magurudumu.”

Huyo ndiye alikuwa Bernard. Sifa kwake zilikuwa kama nyama kwenye supu ya hospitali.

Nora alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Calderby, mji mdogo wa milima ya Yorkshire ambao viwanda vyake vya sufu vilikuwa vimekwisha kufungwa vyote isipokuwa kimoja. Miaka ishirini na sita alikuwa amewapikia watoto mia tatu kila siku ya masomo, na wengine wao sasa walikuwa wanaleta watoto wao. Baba yake alikuwa mchochea moto wa magarimoshi, enzi zile makaa ya mawe yanashuka kutoka migodini usiku na mchana. Nora alipotimiza miaka kumi na mitano alikwenda karakana ya reli kuomba kazi ya kusafisha magarimoshi, kazi ambayo vijana wote huanzia. Msimamizi akamwita mwenzake aje asikie, ili wacheke wawili. Akarudi nyumbani, na Jumatatu yake akaanza kumenya viazi katika jiko la mkahawa.

Alipofikisha miaka arobaini na tisa akajiunga na chama cha magarimoshi madogo, nyuma ya kiwanja cha kriketi. Walikuwamo watu wa kila namna. Wengine walijenga miji mizima juu ya meza, na stesheni zake na kanisa na mtu wa kadibodi anayekojoa ukutani, na treni zenye upana wa kidole zikizunguka humo kwa umeme. Wengine walikusanya tu, wakaweka kwenye makabati ya vioo. Na wengine, wachache, walijenga yale yanayokula makaa na kunywa maji kama yale makubwa, yenye kimo cha goti la mtu na nguvu za kumvuta mwenye goti. Nora hakusita alipoulizwa anataka kundi gani.

Miaka tisa ilimchukua. Alijifunza kukereza chuma kwa kerezo la mtumba alilolisimika katika chumba cha kufulia. Tupa, jiliwa la kubania vyuma na ribiti vikawa jamaa wa nyumba. Mumewe, Clifford, mfuga njiwa, alilalamika miaka yote tisa bila kukosa siku.

“Nora, mke wangu, kuna skrubu kwenye chai yangu.”

“Iko wapi? Nimeitafuta tangu juzi.”

“Nimeimeza nusu.”

“Basi nipe hiyo nusu nyingine.”

Garimoshi alilolijenga lilikuwa la aina ile aliyokuwa akiichochea baba yake: la mizigo, magurudumu manane mafupi, dohani nene, rangi nyeusi tupu. Halikuwa na jina, lilikuwa na namba. Siku alipolileta chamani limekamilika, wanachama walilizunguka kimya, wakainama kutazama, na ule ukimya wenyewe ulikuwa ni salamu. Aliyeuvunja alikuwa Gilbert Tasker.

Gilbert alikuwa na maduka matatu ya mazulia na magarimoshi arobaini na moja kwenye kabati za vioo, yote ya mafundi wenye majina. Mtu asimdharau: ungemwonyesha dohani moja tu iliyokatwa, angekuambia imetoka mkononi mwa nani na mwaka gani. Lakini alikuwa na ulimi. Na katika hayo arobaini na moja alikuwa na moja la kijani, la abiria, lenye mikanda ya shaba inayong'aa, ambalo ndilo pekee alilokuwa akilitia moto. Nalo lilikuwa limemletea ushindi wa mashindano ya kaskazini miaka minne mfululizo.

“Samahani, dada Nora,” Gilbert akasema. “Hili ni garimoshi au ni chungu chenye magurudumu?”

“Chungu kina mfuniko, Bwana Tasker. Kama ulimi wako ungekuwa nao, tungepumzika.”

Watu wakacheka. Gilbert naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani, lakini alipomaliza akaongeza, “Hapana, ni zuri, kwa kulitazama. Utalileta Julai mashindanoni? Tunahitaji mtu wa kuwa wa mwisho.”

Nora hakuwa amefikiria mashindano. Alikuwa amefikiria tu kulijenga. Lakini alijisikia akijibu, “Niandikie jina.”

*

Mashindano yale hayakuwa ya mbio. Yalikuwa ya ubahili. Kila mwendeshaji hupewa mfuko wa makaa uliopimwa, na nusu saa ya kuzunguka njia ya chama. Huchagua mwenyewe idadi ya abiria wa kuwavuta. Baina ya garimoshi na abiria kuna behewa la kupimia, lenye mshale unaoandika nguvu ya mvuto wakati wote. Mwisho wa yote, makaa yaliyobaki mfukoni hupimwa, hesabu hupigwa, na anayeshinda ni yule aliyefanya kazi kubwa zaidi kwa makaa machache zaidi. Hata bingwa hapati zaidi ya sehemu mbili hivi katika mia za nguvu iliyomo kwenye makaa. Zilizobaki hupanda dohani zikaenda kuwapasha ndege matumbo.

Na njia ya Calderby ilikuwa na mpando. Ulianza baada ya mialoni miwili mikubwa na kupanda mfululizo, wenye kona, mpaka nyuma ya banda la kriketi. Magarimoshi ya watu yalikuwa yamekata pumzi pale tangu chama kianzishwe.

Walifika washindani kumi na mmoja. Nora akachota karatasi kwenye kofia, akapata namba kumi na moja. Akakaa kwenye kiti cha turubai akila pai ya nyama, akiwatazama wenzake wakienda mmoja mmoja chini ya jua zuri la asubuhi.

Gilbert alikuwa wa tatu. Alivaa tai. Akachukua abiria sita, wembamba wote, na lile garimoshi lake la kijani likapita kwenye mpando likiimba kama cherehani. Alipomaliza, mtunza hesabu akaandika ubaoni kwa chaki: moja nukta nane saba. Watu wakapiga makofi. Waliomfuata hawakumkaribia, mmoja alizimikiwa na moto, mwingine alitoa maji mengi kwa dohani kuliko moshi, akaloa mpaka soksi.

Kufikia saa tisa alasiri, mawingu yalikuwa yameshuka juu ya mlima wa Calderby kama blanketi kuukuu.

“Namba kumi na moja,” Mzee Bernard akaita. Mwaka huo yeye ndiye alikuwa msimamizi wa kukaa kwenye behewa la kupimia, na saa yake na kitabu chake cha sheria. “Nora. Abiria wangapi?”

“Tisa.”

Kalamu ya Bernard ikasimama. “Umesema sita?”

“Nimesema tisa, Mzee Bernard. Na wako hapa.”

Ndipo wanawake wanne wa jikoni mwa shule walipojitokeza kutoka hema la chai, wakiongozwa na Marjorie Pickles, mtu wa upande wa kastadi na uji, mwanamke aliyejaa mlango. Nyuma yao walikuwa waume zao wanne, nao si haba, na mwisho kabisa Clifford na kofia yake ya kulishia njiwa.

Gilbert alikuwa ameegemea uzio na kikombe cha chai. “Hao akina mama wanne wanahesabika wanne, au tuwapime kama makaa?”

“Njoo unibebe, Bwana Tasker,” Marjorie akamjibu bila kugeuka, “halafu uwaambie watu mimi ni wangapi.”

Mabehewa yale ni mafupi, hukaliwa kama farasi, miguu huku na huku juu ya ubao. Wakakaa. Springi zikalia. Nora naye akakaa mbele kabisa, nyuma tu ya garimoshi lake, magoti yamekunjwa mpaka karibu na masikio, kijiko cha makaa mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Tone la kwanza la mvua lilimpiga kwenye ukosi.

“Nora,” Clifford akaita kutoka nyuma. “Mvua.”

“Nimeiona.”

“Reli zitateleza.”

“Clifford, wewe umekuja kama mzigo. Umeshaona gunia linatoa ushauri?”

Marjorie akafungua mwavuli. “Funga huo!” Nora akasema. “Unashika upepo.” Mwavuli ukafungwa. Hakuna aliyebisha, waliijua sauti yake ya saa sita kasoro robo, watoto mia tatu wakiwa mlangoni.

Bernard akainua mkono, akaushusha.

Nora akauvuta wenzo wa mvuke kidogo, kidogo sana. Garimoshi likatoa pumzi moja nzito, kisha ya pili. Minyororo ikakaza behewa baada ya behewa, na watu tisa na msimamizi wakaondoka kama meza inayosukumwa polepole.

Mizunguko minne ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko alivyothubutu kutumaini. Wenzake wote walikuwa wamejaza tanuri tangu mwanzo, moto mkubwa, moshi mweusi. Yeye alifanya kama alivyofanya miaka ishirini na sita mbele ya masufuria: moto mwembamba, mweupe, sawasawa pande zote, na kijiko kimoja tu kila mara, kimwagwe pale palipofifia, mlango ufungwe upesi. Kutoka kwenye dohani hakukuonekana kitu ila ukungu mwepesi. Watu kando ya uzio wakaanza kusogea mbele. Mmoja aliyekuja kutoka Lancashire, fundi wa miaka mingi, akamwambia jirani yake kwa sauti, “Huyu mama anachoma nini? Mbona hakuna moshi?”

Mzunguko wa tano, mvua ikafunguka kweli. Walikuwa katikati ya mpando. Nora akasikia badiliko kabla hajaliona: zile pumzi nzito zilizokuwa zikija moja moja zikageuka ghafla kuwa mlio mmoja wa fujo, na magurudumu manane yakazunguka bure kama ya mtu aliyepagawa. Akaurudisha wenzo. Magurudumu yakatulia. Akaufungua tena taratibu. Yakazunguka bure tena. Treni ikapunguza, ikajikokota, ikasimama.

Mvua ikasikika peke yake.

“Dakika tano,” Bernard akasema, akiitazama saa. Sheria ilikuwa wazi: asiyeondoka mpandoni ndani ya dakika tano, nje.

“Tushuke tusukume?” Clifford akauliza.

“Ukigusa ardhi kwa kidole cha mguu, nitakutaliki hapa hapa mbele ya mashahidi.”

Mikono ya Nora ilitaka kufanya kitu. Ilitaka kutupa makaa, vijiko vitano, sita, ilitaka kuufungua wenzo wote kwa hasira. Akaiweka mapajani. Akajilazimisha kutazama. Geji ilionyesha mvuke wa kutosha. Shida haikuwa moto. Shida ilikuwa zile reli mbili mbele yake, zinazong'aa kama mgongo wa samaki. Akageuka nyuma. Chini kule, hatua kama thelathini, mialoni miwili ilikuwa imetandaza matawi juu ya njia, na chini ya matawi yale reli hazikung'aa. Zilikuwa kavu.

“Mzee Bernard,” akasema. “Ninarudi nyuma.”

“Unarudi wapi?”

“Kwenye mialoni. Nianze upya kutoka pakavu.”

“Haiwezekani!” Ilikuwa sauti ya Gilbert, aliyekuwa amekimbia kandokando ya uzio na tai yake imekaa begani. “Bernard, hiyo hairuhusiwi! Akirudi nyuma ameshindwa!”

Bernard akatoa kitabu cha sheria mfukoni. Akakiinamia kukikinga na mvua. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kwa mwendo ule ule wa pampu yake. Marjorie akanong'ona, “Yesu wangu, huyu angekuwa mpishi watoto wangekufa na njaa.”

“Dakika mbili zimekwisha,” Clifford akasema.

“Abiria asishuke,” Bernard akasoma. “Treni isisukumwe. Mchanga usimwagwe kwa mkono. Garimoshi lisisaidiwe na jingine.” Akafunga kitabu. “Juu ya kurudi nyuma, kitabu hakisemi neno.”

“Basi kwa kuwa hakisemi...” Gilbert akaanza.

“Kwa kuwa hakisemi, Gilbert, hakikatazi. Dakika mbili na nusu, Nora.”

Nora akaigeuza gia, akaachia breki nusu, na treni nzima ikateremka kinyumenyume kwa upole, Clifford sasa akiwa ndiye wa mbele, macho yamemtoka. Ikaingia chini ya mialoni. Akaisimamisha. Akairudisha gia. Akaweka kijiko kimoja cha makaa, kimoja tu, akafungua kipuliza kidogo mpaka moto ukanguruma na mshale wa geji ukapanda hadi kwenye alama nyekundu. Valvu ya juu ikaanza kutoa mvuke kwa sauti ya paka mwenye hasira.

“Kaeni kimya na msijitikise,” akasema. “Marjorie, shikilia pumzi.”

“Nimeishikilia tangu asubuhi, shoga.”

Akavuta wenzo.

Pale chini ya matawi magurudumu yaliuma reli. Pumzi moja, mbili, tatu, nne, kila moja inasukuma zaidi ya iliyotangulia, na walipotoka kwenye kivuli treni ilikuwa tayari ina mwendo wake, mzito, wa ng'ombe aliyeamua. Mvua ikawapokea. Walipofika pale walipokwama, gurudumu likaponyoka, Nora akaurudisha wenzo upana wa unywele, likashika. Likaponyoka, akarudisha, likashika. Hakuwa akifikiri tena. Alikuwa akilisikia kwa makalio, kwa nyayo, kwa meno. Sauti ikawa polepole, polepole zaidi, mpaka kati ya pumzi na pumzi mtu angeweza kusema jina lake lote. Watu waliokuwa kwenye uzio walikuwa wameacha kukimbilia mahema. Walisimama mvuani na vikombe vyao vikijaa maji, na kila pumzi ilipotoka, vichwa vyao vilitikisika pamoja nayo.

“Moja zaidi,” mtu akasema. “Moja zaidi, mama.”

Ikatoka moja zaidi. Na nyingine. Banda la kriketi likatokea upande wa kushoto, na Nora akahisi uzito ukimwacha mgongoni, behewa kwa behewa, mpaka la mwisho, maana njia ilikuwa imelala.

Kelele iliyopigwa pale ilisikika hadi kanisani. Clifford alirusha kofia yake ya njiwa hewani na haikurudi. Nora hakugeuka. Alikuwa amebakiwa na dakika kumi na moja.

Mzunguko wa sita akaufungua mvuke mapema, kabla ya mialoni, akaupanda mpando kwa kasi aliyoiokota kwenye pakavu. Wa saba vivyo hivyo. Ilipofika dakika ya ishirini na nne, akakiweka kijiko chini, akaufunga mlango wa tanuri na hakuufungua tena.

Bernard, nyuma yake, akakohoa. “Nora. Moto.”

“Najua.”

Moto unaobaki tanurini mwisho wa safari huhesabiwa kuwa umechomwa. Ni hasara tupu. Na hakuna mpishi wa watu mia tatu asiyejua kuzima jiko kabla chakula hakijaiva, akauacha mvuke wa sufuria umalizie kazi. Shida ni kujua lini. Ukizima mapema mno, unawalisha watoto maharage yanayogonga kwenye meno. Mshale wa geji ukaanza kushuka. Tisini. Themanini. Mzunguko wa nane wakaupanda mpando na sabini, pumzi zikiwa nyepesi, kama za mzee anayepanda ngazi akijifanya hachoki. Sitini. Hamsini na tano. Wakapita banda la kriketi. Garimoshi likajikokota kwenye mteremko wa mwisho, likavuka mstari mweupe, na Bernard akasema, “Muda!” Nora akafungua tanuri. Ndani mlikuwa na majivu, na kijinga kimoja chekundu chenye ukubwa wa jicho.

*

Hesabu zilipigwa ndani ya hema, mara mbili, kisha mara ya tatu kwa sababu mtunza hesabu hakuamini. Nora alisimama nje kwenye matope, uso mweusi kwa masizi, chozi la mvua limechora njia mbili mashavuni. Marjorie alikuwa amemshika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Mtunza hesabu akatoka na chaki. Akaandika mbili. Akaweka nukta. Akaandika moja. Akaandika nne.

Mbili nukta moja nne. Hakuna aliyewahi kuandikiwa namba hiyo katika njia ya Calderby, si kwenye jua, sembuse mvuani na abiria tisa.

Nora alifungua mdomo ili aseme kitu cha adabu, kama walivyofanya washindi wa miaka iliyopita. Kilichotoka kilikuwa ukelele, ule wa binti wa miaka kumi na mitano, na wanawake wa jikoni wakaudaka wakaupeleka mbele, wakamwinua juujuu mpaka Clifford akapiga kelele kwamba watamvunja mkewe na chakula cha jioni bado hakijapikwa.

“Kapike mwenyewe leo!” wote wanne wakamjibu.

Mzee Bernard akaja kumpa kikombe cha fedha. Alikuwa amekishika kwapani kama gazeti. Akamkabidhi, akavua miwani, akaipangusa kwa leso iliyoloa zaidi ya miwani yenyewe, akaivaa tena.

“Nimekagua maboila miaka thelathini na moja,” akasema. “Nimeendesha tangu nikiwa na umri wa miaka tisa. Sijaona moto ukichochewa vile.” Akaonekana kushangazwa na urefu wa maneno yake, akaondoka haraka kwenda kutafuta chai.

Mvua ikakatika kama ilivyokuja. Jua likatokea chini ya mawingu, la pembeni, na majani ya kiwanja cha kriketi yakaanza kufuka mvuke. Nora alikuwa akifuta garimoshi lake kwa kitambaa cha mafuta alipoona viatu viwili vya ngozi vimesimama kando ya reli. Akainua macho. Ilikuwa Gilbert Tasker, bila tai.

“Asiyekubali kushindwa si mshindani,” Marjorie akamrushia kutoka mbali.

“Nimekubali, Bi Pickles, nimekubali.” Akachuchumaa, suruali nzuri yote kwenye matope, akautazama mshono wa boila palipojitokeza chini ya bati. Akautazama kwa muda mrefu, kwa yale macho yake yanayojua kazi ya kila fundi. “Hii lehemu,” akasema. “Nina magarimoshi mawili ya fundi bora wa nchi hii, marehemu, na hayana lehemu iliyonyooka hivi. Ningeiona mnadani ningesema ni yake.”

“Ungekosea.”

“Ningekosea.” Akatabasamu. “Utaliuza?”

Nora akaendelea kufuta dohani.

“Nilijua. Nimeuliza kwa mazoea.” Akainuka, akajipangusa magoti bila mafanikio. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia kwake, akasema, “Naweza kupanda? Nyuma kabisa. Sijawahi kuvutwa na garimoshi la mizigo.”

Watu walikuwa tayari wamepanga foleni, nusu ya chama na jamaa zao na wachezaji wawili wa kriketi, wote wanataka kupanda mpando nyuma ya lile jeusi. Nora akajaza tanuri, safari hii kwa ukarimu, kijiko baada ya kijiko, akangoja mpaka geji ikapanda. Wale tisa wake walikuwa wamekwisha kurudi kwenye nafasi zao bila kuulizwa. Hakuna aliyetaka kumpisha mtu. Gilbert akakaa nyuma ya Clifford, magoti juu.

“Hebu sogea, Bwana Tasker,” Clifford akasema. “Unanibana.”

“Tumekuwa kumi,” Marjorie akaita. “Nora! Kumi litaweza?”

Nora akavuta filimbi ya mvuke, ndefu, mpaka njiwa wote wa Calderby wakaruka kutoka kwenye paa la kanisa, na akaufungua wenzo.

Reli zilikuwa zimekauka. Walipanda mpando wa Calderby watu kumi, bila kuteleza hata mara moja, moshi mzito mweupe ukijiviringisha juu ya mialoni, na Nora Sugden akiwa mbele kabisa, mikono imeloa mafuta hadi viwiko, akiimba kwa sauti kubwa wimbo usio na maneno.